Mwalimu Ambaye Hayumo Kwenye Mchezo

Jumapili. Mvua ilianza kabla ya misa ya kwanza na mpaka sasa haijaamua kama inaondoka au inabaki. Kutoka dirishani naona mabati ya majirani walio chini yetu, na mabati ya walio chini yao, mpaka pale ukungu unapoyameza yote. Ziwa halionekani. Siku kama ya leo mtaa wetu wa Cimpunda unakuwa ngazi ndefu ya mabati unaoshuka kwenda mahali usipopajua.

Nina jambo la kuungama, na padri si mtu wake. Ni ninyi mnaonisoma hapa.

Wiki tatu zilizopita niliandika makala ya kulinganisha michezo miwili ya kompyuta. Yote miwili ni ya aina ile ambayo dunia imeshaungua, na wewe unatembea ndani ya majivu yake, unaongea na waliobaki, unachagua kuwa mtu wa namna gani. Mmoja niliuita Vumbi, wa pili nikauita Mahandaki, kwa sababu hayo ndiyo majina tuliyoyatumia nyumbani. Nilisema, kwa sauti ya mwalimu, maana ualimu ndiyo kazi yangu, kwamba dunia ya Vumbi imejengwa vizuri kuliko ya Mahandaki. Sababu yangu kubwa ilikuwa shujaa wake. Niliandika kwamba sijawahi kuona mchezo mwingine ambamo shujaa ni mwalimu anayezunguka jangwani na daftari la majina, akiwatafuta wanafunzi wake mmoja mmoja baada ya shule yao kuungua.

Msomaji mmoja akaniandikia chini ya makala: "Dada, huo mchezo nimeumaliza mara nne. Mwalimu yuko wapi? Daftari liko wapi? Tumecheza mchezo mmoja kweli?"

Nilimjibu kwa kiburi. Nilimwambia aucheze tena, polepole, na safari hii asome maneno.

Kisha nikaona aibu kidogo, nikautafuta mchezo wenyewe, nikauweka kwenye kompyuta yangu, nikaanza kuucheza mimi.

Nikasoma maneno.

Lakini sitafika huko bila kupita kwanza tulikotoka.

Kompyuta yetu ya kwanza ililetwa na tonton Deo, mdogo wake mama, aliyekuwa mlinzi kwenye ofisi ya wageni waliokuwa wanafunga mradi wao. Waligawa viti, wakagawa makabati, na yeye wakampa kompyuta kuukuu yenye kisogo kikubwa, rangi yake kama meno ya mvuta tumbaku. Mtu ambaye hatukumjua alikuwa ameacha michezo miwili ndani yake. Yote kwa Kiingereza. Nyumbani tulikuwa na Kiswahili, tulikuwa na Kifaransa cha shule, tulikuwa na Mashi, lugha ya mama akikasirika. Kiingereza hakuna aliyekuwa nacho.

Isipokuwa kaka yangu, yaya Murhula. Alikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi. Alisema amekijua kwa dereva mmoja wa lori kutoka Uganda ambaye alimsaidia kubadilisha gurudumu. Hakuna aliyemwuliza inachukua magurudumu mangapi kujifunza lugha.

Umeme ukija, mara nyingi alasiri, tulikaa kwenye benchi moja mbele ya kioo, mimi nikishika vitufe vya kutembea, yeye akishika panya wa kompyuta. Kila mtu alipotokea kusema jambo, yaya aliweka kiganja mbele ya uso wangu. "Ngoja. Nisome kwanza." Alisoma kimya akichezesha midomo. Kisha alinitafsiria, kila mtu kwa sauti yake: mlinzi wa daraja alikuwa na sauti ya papa, baba yetu, mganga alikuwa na sauti ya katekista wa parokia, na askari wote walikuwa na sauti moja ya ulevi. Mimi sikuruhusiwa kubonyeza chochote mpaka amalize.

Umeme ukikatika katikati ya mazungumzo, kioo kikiwa cheusi, yaya alikuwa anaendelea kutafsiri.

Nilidhani amekariri.

Ndivyo nilivyoijua Vumbi. Mchezo unaanza na upepo. Basi limelala ubavu, mchanga umeingia mpaka kwenye viti. Ukitembea kidogo unakuta nyumba isiyo na ukuta wa mbele, ndani yake meza imeandaliwa, sahani nne, na juu ya kila sahani kuna mchanga kama chakula. Hakuna anayekuambia walikuwa nani. Mpaka leo nasema hapo ndipo penye ufundi wa kujenga dunia iliyokufa: usinionyeshe mifupa, nionyeshe sahani ya nne. Nitamtafuta mwenyewe aliyechelewa kula.

Baadaye unafika kwenye kambi ya watu, na watu hao wamepanga mabidoni ya njano ya kuchotea maji mbele ya bomba lililokauka, robine kama tunavyoiita. Foleni nzima, mabidoni peke yake, wenyewe wameketi kivulini. Nilimwuliza yaya kama mchezo huu ulitengenezwa hapa kwetu Kadutu.

"Hapana," akasema. "Kadutu iko na watu wengi zaidi."

Waliotengeneza walidhani wamechora mwisho wa dunia. Walikuwa wamechora Jumatano yetu.

Mbele ya foleni hiyo kulikuwa na bibi mmoja aliyeketi juu ya bidoni lake. Tulimwita mama wa bidoni. Kwa tafsiri ya yaya, mtoto wake alikuwa ameenda mbali kuchimba na alisema atarudi upepo ukigeuka. Kila tulipopita alituuliza kama tumemwona. Na jina la mtoto huyo lilikuwa la mwisho kwenye daftari la mwalimu. Ukibonyeza kitufe fulani daftari linafunguka, orodha ya majina kutoka juu mpaka chini, na mimi nilikuwa nayasoma kwa sauti kama mahudhurio. Nilikuwa najibu "Hapa!" kwa niaba ya tuliokwisha kuwapata. Tulipompata mmoja, yaya alisema sasa mwalimu ameweka alama mbele ya jina lake.

Hatukufika mwisho. Kioo kilikufa, na hakuna fundi aliyeweza kukifufua. Niliuliza kwa miezi kama mwalimu alimpata yule wa mwisho. Yaya alikuwa anajibu neno moja: "Utaona."

Niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba nilichagua ualimu kwa sababu ya mtu mmoja niliyemfahamu utotoni. Sikuwaambia kwamba mtu huyo alikuwa na urefu wa kidole changu na alitembea jangwani.

Mahandaki ni dunia nyingine. Huo nyumbani tuliupa jina tu bila kuucheza; niliucheza nikiwa mkubwa, peke yangu, kwenye kompyuta ya chuo, tayari nikijua Kiingereza. Watu wanaishi ndani ya mgodi wa chumvi, juu yao kuna theluji ambayo haiyeyuki. Kila kitu kimefikiriwa. Unajua wanakula nini na kinalimwa wapi. Unajua nani anagawa mishumaa na kwa nini familia ya pembeni inapata vipande. Una taa ndogo ya mkononi, na mwali wake ukiinama maana yake hewa imeharibika. Hakuna muziki. Kuna tone la maji, na baada ya muda mrefu, mlio wa nguzo ya chumvi inayobeba mlima. Ukisikia nguzo inalia unasimama bila kuambiwa usimame.

Kwa haki, na leo nataka kutenda haki, huo ndio mchezo bora. Hewa yake inaingia mpaka kifuani. Vumbi inakuonyesha dunia kwa mbali, rangi ya machungwa na kahawia, kama picha ukutani. Mahandaki inakufunga ndani na kukufanya uhesabu pumzi zako. Na upo mwingine mpya ambao mwalimu mwenzangu alinionyesha kwenye simu yake, jiji zima limefunikwa na majani, maua mpaka kwenye madirisha ya ghorofa, uzuri wa kupita kiasi. Lakini kila mlango una alama juu yake ikikuita, kila mtu ana shida ambayo alikuwa anakungoja wewe uje kuitatua. Dunia inayokungoja wewe tu si dunia. Ni hoteli.

Basi kwa nini niliandika kwamba Vumbi ni bora?

Mahandaki sikuweza kuumaliza. Ile nguzo ilipolia mara ya tatu niliizima kompyuta na kutoka nje kupata hewa, kwa sababu wakati huo yaya Murhula alikuwa ameshaenda Shabunda kuchimba dhahabu, na mimi sikutaka tena kujua mlima unasemaje kabla ya kuporomoka. Nilirudi kwenye kumbukumbu ya Vumbi, ambako kuna anga.

Hiyo ni sababu ya kweli. Katika makala niliiita "upana wa maono."

Sasa niwasomee nilichokisoma.

Shujaa wa Vumbi si mwalimu. Ni fundi wa mitambo aliyetumwa na kijiji chake kutafuta kipuri cha pampu. Ukitaka, njiani anaweza kuwauza watu anaokutana nao, na mchezo haumlaumu. Daftari si daftari. Ni mfuko wake. Majina niliyoyaita kwa sauti kila alasiri, nikiitika "Hapa!", yalikuwa kamba, betri, kisu, dawa ya kuungua, risasi za namna tatu. Nilikuwa na mwanafunzi niliyempenda kuliko wote, jina lake lilinisikika kama la msichana mpole. Ni chupa ya mafuta ya grisi.

Mlinzi wa daraja hakuwahi kupoteza mke, kama yaya alivyonitafsiria. Mganga hakusoma seminari. Na mama wa bidoni ana sentensi tatu, anazirudia mpaka mwisho wa mchezo: Maji safi. Lete kitu tubadilishane. Usiguse bidoni langu.

Hana mtoto.

Nilicheka kwanza, peke yangu, mpaka mama akaja kuchungulia. Siku iliyofuata nikakasirika. Mimi nina diploma ya Kiingereza, nasahihisha kwa kalamu nyekundu, na nimewaongopea watu hadharani kwa sababu ya dereva wa Uganda. Siku ya tatu nikarudi nikaanza kumfuata kila mtu ndani ya mchezo ule, mmoja baada ya mwingine, nikilinganisha anachosema na alichosemeshwa. Kila mmoja alikuwa na maisha madogo kuliko yale niliyoyafahamu. Jangwa lilikuwa zuri, upepo ulikuwa uleule, sahani nne zipo mezani. Lakini watu hawakuwemo. Watu waliingizwa kutoka kwenye benchi letu na kijana wa miaka kumi na sita ambaye hakutaka dada yake ajue kwamba hajui.

Niliwasifu wajenzi wasio wenyewe.

Ningemwambia yaya vipi?

Papa alipofariki, ada ya shule ilitosha mtu mmoja. Yaya alisema shule imemchosha, hata hivyo walimu wake wote wanapumulia mdomo. Nilimwamini. Nilikuwa mtoto wa kuamini tafsiri zake. Alibeba saruji, akauza vocha za simu, halafu miaka sita iliyopita akaenda Shabunda. Nilipompigia kumwambia kwamba nimechagua Kiingereza chuoni, aliuliza, "Juu ya nini hukuchagua hesabu?" Tangu hapo, nikianza habari za masomo yangu, ananiuliza habari za bei ya sambaza, wale samaki wadogo, sokoni.

Na tangu aende hajarudi. Kila Krismasi ni mwezi ujao. Kila mwezi ujao njia imeharibika, au shimo lao limeanza tu kutoa dhahabu, au anangoja mwenzake. Mama ameacha kuuliza tarehe. Anauliza tu kama anakula.

Mimi najua anangoja nini, na jambo hili halijawahi kusemwa nyumbani kwetu. Kwenye avenyu yetu mtu akirudi kutoka kwenye dhahabu, watu wanatoka nje. Hawatoki kumwona yeye, wanatoka kuona pikipiki imebeba nini. Lazima kuwe na kitenge cha mama, godoro, redio, angalau dumu la mafuta. Nilipokuwa darasa la sita, jirani yetu papa Jacques alirudi kutoka kwenye dhahabu ya Luhwindja baada ya miaka miwili akiwa na mfuko mmoja wa plastiki mkononi, ule tunaouita sashe. Alishuka ngazi zote akisalimia watu, sashe inapigapiga gotini. Kaka yangu alikuwa ameketi ukutani na vijana wenzake. Akasimama, akapiga saluti, akasema, "Mupishe njia, mizigo ya papa Sashe inapita!"

Watu walicheka mpaka jioni. Mama alicheka, nami nilicheka. Jina likaganda. Leo watoto ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile wanamwita papa Sashe, na wanadhani ndilo jina lake. Tangu yaya aende Shabunda, mama peke yake ndiye anayemwita papa Jacques. Anamwita kwa sauti kubwa, hata akiwa ng'ambo ya mfereji, hata kama hana la kumwambia.

Murhula ndiye aliyelibuni jina lile. Ndiyo maana hawezi kulipita.

Leo alipiga simu saa nane. Huwa anapiga Jumapili, baada ya kupanda kilima chenye rezo, mtandao wa simu, na huko juu huwa wako wengi, kila mmoja anapiga kelele kwenye simu yake, kwa hiyo tukiongea na yeye tunaongea na kilima kizima. Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, ungo magotini, anachagua maharagwe. Alikuwa ameshaongea naye, ameshauliza kama anakula, amenirudishia simu.

"Cito! Madame profesere! Bale batoto yako banasema Kingereza ao banakitafuna?"

"Banakitafuna, yaya."

"Kinashibisha?"

"Kuliko bugali."

Alicheka, akakohoa. Nyuma yake mwanamume fulani alikuwa anamfokea mkewe kuhusu mbuzi. Nilikuwa nimeandaa sentensi yangu wiki nzima, na ikatoka yote kwa mara moja.

"Yaya, nimepata Vumbi. Ule mchezo wetu. Niko naucheza."

Mbuzi wa yule bwana akaendelea kugombewa. Upepo ulikuwa unapiga kwenye simu.

"Uko unaucheza," akasema. "Na uko unasoma."

"Ninasoma."

"Yote?"

"Yote, yaya."

 Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Sasa ule mama wa bidoni, anasema nini?"

Hapo nikaelewa. Alikuwa amelibeba swali hili tangu siku niliyochagua Kiingereza. Miaka yote hiyo ya bei ya sambaza. Nilikuwa na zile sentensi tatu mdomoni, zilizo sahihi, ninazoweza kuzieleza nyakati zake ubaoni. Mama alikuwa ameinamisha uso juu ya ungo kama mtu asiyesikiliza, na vidole vyake vilikuwa vimesimama.

"Anasema vilevile," nikamjibu. "Mutoto wake alienda kuchimba. Anauliza kama tulimuona."

"Hm."

Kisha: "Na mwalimu? Alimupata?"

"Alimupata. Mbali sana, ku mashimo, ng'ambo ya jangwa. Jina ya mwisho mu daftari."

"Akakubali kurudi?"

"Alikuwa anaogopa."

"Anaogopa nini? Si mama yake tu?"

"Mama yake hapana. Anaogopa bantu ba foleni. Zamani yeye njo alikuwa anachekaka bale benye kurudi mikono mitupu. Sasa anaogopa kicheko yake mwenyewe."

Nilisikia anavuta pumzi. Yule wa mbuzi alikuwa amemaliza, kilima chote kilikuwa kimenyamaza, au mimi ndiye niliyeacha kukisikia.

"Cito. Ile yote imeandikwa mule?"

"Imeandikwa, yaya. Kwa Kingereza."

"Kingereza ya wapi hiyo?"

"Ile ya dereva wa Uganda."

Akacheka. Hakucheka kile kicheko chake cha ukutani. Kilitoka vipandevipande, kama gari linalokataa kuwaka kisha linawaka. Nikangoja.

"Akarudi na nini?"

"Na sashe."

"Moja?"

"Moja. Na ule mama hakuangalia sashe. Aliangalia miguu yake, akasimama, akamupatia bidoni yake akalie."

"Halafu?"

"Halafu njo mwisho."

"Vile tu? Hakuna risasi? Hakuna kintu inalipuka?"

"Vile tu. Mwalimu anaweka alama mbele ya jina, anafunga daftari."

"Unatafsiri vibaya sana," akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Nani alikufundisha?"

"Weye," nikasema, lakini rezo ilikuwa imekwisha kukatika, na sijui kama ilimfikia.

Nilibaki na simu mkononi. Nilijua nimesema uongo kwa kusudi, mara ya kwanza tangu utoto, tena katika somo langu. Sikujisikia kama mtu aliyesema uongo. Nilijisikia kama nimeshika panya, na yeye ndiye anayetembea.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mama akatoa jiwe moja kwenye maharagwe, akalitupa nje ya mlango, bila kuniangalia.

"Na mule mu sashe," akasema, "mulikuwa nini?"

Nilikuwa nimesahau kwamba alasiri zile zote, miaka ile yote, jiko lilikuwa nyuma ya benchi letu, pazia tu katikati.

"Hamukuwa kintu, mama."

Akachagua maharagwe mengine mawili, matatu.

"Basi si atatembea mbio."

Ni jioni sasa. Mama ametoka na mwavuli. Amesema anampelekea mke wa papa Jacques maharagwe kidogo, ingawa hakuna aliyeomba. Nimemsikia akilitaja lile jina la ubatizo mpaka chini ya ngazi.

Kwako msomaji uliyeniuliza: samahani kwa kiburi. Ulikuwa sahihi. Katika mchezo ulioumaliza mara nne hamna mwalimu, hamna daftari, na bibi wa robine hana mtoto. Mahandaki umejengwa vizuri kuliko Vumbi, kwa sauti, kwa sheria zake, kwa kila kipimo ninachoweza kukitetea. Nimeisahihisha makala yangu. Nimeacha aya moja tu bila kuigusa, ile ya shujaa, na chini yake nimeandika kwamba dunia ile ipo, ila haikuuzwa popote na ilikuwa na nafasi mbili tu, zote kwenye benchi.

Mchezo bado umewaka hapa mbele yangu. Nimemtembeza fundi wa pampu mpaka kwenye foleni, nimemsimamisha kando ya yule bibi, na nimefungua mfuko wake. Kamba, betri, kisu, dawa ya kuungua. Nimeyasoma yote kwa sauti, kutoka juu mpaka chini. Jina la mwisho sikuliitikia "Hapa!"

Nitahifadhi hapa na kuzima. Zimebaki hatua chache tu kufika mwisho wanaoujua wengine, na sina haraka nao. Sitabonyeza kitu mpaka yule aliyekuwa akinisomea aje akae upande wake wa benchi.